Ekari ya Bondeni na Ekari ya Mlimani: Kijana Anapotaka Kusoma Fani Mbili

 

Ndugu Waislamu, hivi karibuni tulijaaliwa kuswali Ijumaa huko Mgwashi, katika Halmashauri ya Bumbuli, wilayani Lushoto. Anayekwenda huko akitokea Mombo huipanda milima ya Usambara kwa njia ya Soni, akashika ya Bumbuli, na kutoka hapo safari huwa ni kona baada ya kona, huku mashamba ya migomba, mahindi na maharage yakiwa yameegemea ubavuni mwa milima kana kwamba yamebandikwa. Tunaitaja hali ya ardhi hiyo mapema kwa sababu ndiyo itakayotusaidia kueleza tunachotaka kukieleza leo.

Baada ya swala alitujia mzee mmoja akiwa ameongozana na mwanawe. Akatuamkia, akakaa, kisha akasema: "Sheikh wangu, huyu kijana amepata nafasi ya kusomea ualimu chuo kikuu. Anataka achukue Kiarabu na Jiografia. Wenzangu wananicheka. Wanasema Kiarabu ni cha msikitini na Jiografia ni ya ofisini, na kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nimeshauza ng'ombe kwa ajili ya safari yake. Zimebaki siku chache athibitishe masomo yake. Nimwambie nini?"

Kijana mwenyewe alikuwa ameinamisha macho kwenye mkeka, hakusema neno.

Swali hili si la mzee huyo peke yake. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wengi wa Kiislamu hujikuta wameketi na watoto wao mbele ya fomu, na hofu kubwa huwa ni hiyo hiyo, kwamba mtoto asije akashika mbili zikamponyoka zote. Nasi tulichelewa kumjibu mzee wetu, kwa sababu jibu letu lina aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kitongoji kimoja cha milima hiyo hiyo, tuliitwa kugawa mirathi. Marehemu aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na mabinti wawili, na mali yake ya maana ilikuwa shamba la ekari 6. Hesabu yenyewe anaijua kila aliyesoma faraidhi, na msingi wake umo katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Mjane ana thumni kwa kuwa mumewe ameacha watoto. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke. Shamba likawa mafungu 48: mjane 6, kila mtoto wa kiume 14, na kila binti 7. Kwa ekari, mjane akapata robo tatu ya ekari, kila mtoto wa kiume ekari moja na robo tatu, na kila binti pungufu kidogo ya ekari moja.

Tulipima kwa kamba. Tulianzia chini, kwenye bonde, tukawapimia watoto wa kiume kwanza kwa kuwa mafungu yao ndiyo makubwa, tukaendelea kupanda mpaka tukamaliza juu kabisa kwa mabinti na mama yao. Tukasoma dua, tukala wali, tukarudi nyumbani tukiwa na utulivu wa moyo wa mtu aliyetimiza amri ya Mola wake.

Baada ya misimu kadhaa wale mabinti walitujia. Hawakuja kwa ugomvi. Walikuja kuuliza kama tulikuwa na hakika na hesabu yetu, kwa sababu kaka zao walikuwa wakivuna mboga bondeni hata kiangazi, nao huko juu walikuwa wakipalilia mawe. Tuliwafungulia daftari, tukawarudia hesabu, ikatoka ile ile. Wakashukuru, wakaondoka. Tunakiri kwamba siku ile tuliwaona kuwa watu wasioridhika na kadari.

Aliyetuzindua alikuwa mwalimu kijana aliyehamishiwa shule ya sekondari ya jirani, ambaye chuoni alisoma Kiarabu na Jiografia. Alikuwa akihudhuria darsa letu la jioni. Siku moja alituuliza kwa adabu: "Sheikh, mlipogawa lile shamba mlipima eneo au mlipima thamani?" Tukamjibu kwamba tulipima eneo. Akasema: "Lakini ekari ya bondeni si ekari ya mlimani. Udongo wa juu husukumwa na mvua ukashuka chini, na maji hukaa chini. Kila mwaka shamba la juu linakonda na la chini linanenepa." Kisha akafungua Minhaj ya Imam An-Nawawi, kitabu ambacho sisi tumekisomesha mara nyingi, akatutolea mlango wa mgawanyo.

Ndugu msomaji, Imam An-Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, na Mashafii wa mwambao wetu na wa milimani wamekitegemea kitabu chake vizazi kwa vizazi. Humo ameeleza kwamba mgawaji anayewekwa na kadhi ni sharti, pamoja na uadilifu wake, awe anajua upimaji wa ardhi na hesabu. Na maulamaa wa madhehebu wameupambanua mgawanyo. Upo wa vitu vinavyolingana sehemu zake, kama nafaka, ambao kipimo kinatosha. Upo pia ule uitwao wa ta'dili, wa kusawazisha kwa thamani, ambao ni wa vitu ambavyo sehemu zake zinatofautiana, kama ardhi ambayo upande mmoja una rutuba na maji na upande wa pili hauna. Mlango huo tuliupita kwa ulimi miaka yote, na hatukuwahi kuutazama tukiwa tumesimama shambani.

Tukarudi na wazee wa kitongoji. Wao, kwa bei wanazouziana, walikubaliana kwamba ekari moja ya bonde lile ina thamani ya ekari nne za juu. Bonde lilikuwa ekari 2, mlima ekari 4. Kwa hiyo shamba lote lilikuwa na thamani ya ekari 12 za mlimani. Haki ya mjane na mabinti wake wawili kwa jumla ilikuwa ni 5 katika hizo 12. Sisi tuliwapa mbili na nusu.

Tuliwapa nusu ya haki yao, ilhali hesabu yetu haikuwa na kosa hata la nukta moja.

Mgawanyo uliothibitika kuwa na kosa hutenguliwa, na kaka zao, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, walikubali bila kupelekana mahakamani. Ukarudiwa. Yule mwalimu ndiye aliyeshika kamba, na sisi tukashika daftari.

Tumeisimulia habari hii kwa urefu kwa sababu wengi wanaposikia "masomo mawili yasiyohusiana" huuliza faida yake ni nini, na hujibiwa kwa maneno ya jumla kuhusu kupanua akili. Hayo yana ukweli wake, lakini mzazi aliyeuza ng'ombe anahitaji jibu lililo zito zaidi. Jibu tunaloliona sisi ni kwamba matatizo ya watu hayajigawi kwa mujibu wa idara za chuo kikuu. Mirathi ya shamba la mlimani ni suala la fiqhi, la hesabu na la udongo kwa wakati mmoja. Sheikh aliliona upande wa fiqhi peke yake. Lau angeitwa bwana shamba, angeliona upande wa udongo, wala asingejua kwa nini binti ana 7 na kaka yake ana 14. Mabinti wale waliumia katika nafasi iliyokuwa wazi kati ya wataalamu wawili. Akahitajika mtu mmoja mwenye elimu zote mbili kichwani mwake, aweze kuuliza swali ambalo hakuna kati yetu angeliuliza.

Kazi kama hiyo si ngeni katika historia yetu. Zayd bin Thabit (R.A.) alikuwa mwandishi wa wahyi. Imepokewa katika Sunan ya Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alimuamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na mtu wa kuaminika, naye akayamudu kabla haijapita nusu ya mwezi. Hakuambiwa kwamba kuiandika Qur'an kunatosha. Na ni Zayd huyo huyo ambaye Masahaba walimrejea katika faraidhi.

Vilevile Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa Al-Ma'mun, takriban miaka 1,200 iliyopita. Watoto wetu shuleni wanateswa na aljebra bila kuambiwa kwamba jina hilo limetokana na kitabu chake, na kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Mwenyewe alieleza kuwa amekiandika kwa ajili ya yale watu wanayoyahitaji katika mirathi, mgawanyo, biashara na upimaji wa ardhi.

Wapo pia ambao elimu zao mbili zilikaa mbalimbali na kila moja ikasimama. Ibn An-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 687 Hijria, sawa na 1288, alikuwa mwanachuoni wa fiqhi ya Kishafii na tabibu. Ndiye aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupitia mapafuni, kisha huingia upande wa kushoto, kinyume cha ilivyofundishwa tangu zama za Wagiriki. Hatusemi kwamba fiqhi ndiyo iliyomfunulia siri ya mapafu. Tunachosema ni kwamba haikumzuia, wala udaktari haukumvua kilemba.

Tukirudi katika milima yetu, kuna kisa ambacho wazee wa Usambara wanakijua na vijana wengi hawakijui. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mradi wa kuhifadhi udongo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Mabwana shamba wake waliijua elimu ya udongo. Hofu yao ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli, na sisi tuliokonda kwa ekari za mlimani hatuwezi kuikanusha. Lakini hawakusoma watu. Hawakuuliza ni nani atakayeyalima matuta yale waliyoyalazimisha, na jibu lingekuwa ni wanawake, waliokwisha kulemewa na kazi. Hawakuuliza ardhi ya ukoo inagawanywa vipi, wala mtu wa milima hii anaielewaje mamlaka ya mtawala juu ya shamba lake. Watu wakakataa, upinzani ukaungana na harakati za TANU, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mradi ule ukawa umeachwa. Elimu moja, tena sahihi, ilishindwa kwa kukosa mwenzake.

Na aliyetuandikia kwa kina habari hizo ni mtu aliyesoma fani mbili. Steven Feierman, Mmarekani, aliishi Usambara katika miaka ya 1960 akiwasikiliza wazee. Alipata shahada ya udaktari wa historia katika Chuo Kikuu cha Northwestern, kisha nyingine ya anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na desturi zake, huko Oxford. Mwaka 1974 alitoa kitabu juu ya ufalme wa Wasambaa, na mwaka 1990 akatoa kingine kuhusu fikra za kisiasa za wakulima wa milima hii. Mwanahistoria mtupu angetafuta tarehe za watawala wa Vuga na kuishia hapo. Yeye aliuliza pia wakulima walimaanisha nini walipozungumzia mvua, njaa na uponyaji wa ardhi. Ni jambo la kutia uchungu kidogo kwamba mgeni alitoka mbali kuja kuoanisha elimu mbili juu ya mababu zetu, nasi tunawakataza watoto wetu wasifanye hivyo.

Sasa tumwendee fisi. Methali ile ni ya kweli na hatutaki kuidharau. Fisi alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita njia mbili kwa wakati mmoja, mguu huku na mguu kule, kwa uchu wa nyama aliyoinusa pande zote. Wapo wanafunzi wa namna hiyo. Leo amejiandikisha sheria, kesho kompyuta, keshokutwa anataka biashara, na kila anapoondoka anaacha ada nyuma. Huyo mzazi amzuie. Lakini mwenye masomo mawili ndani ya shahada moja ana ratiba, ana mitihani, na njia yake ni moja yenye mizigo miwili. Mchukuzi wa milimani anajua kwamba mizigo miwili iliyoning'inizwa kwenye mpini hubebeka vizuri kuliko mmoja unaovuta upande.

Katika nchi yetu jambo hili wala si la kubuni. Anayesomea ualimu wa sekondari katika shahada ya kwanza kwa kawaida huchukua masomo mawili ya kufundishia. Muda ni ule ule, aghalabu miaka mitatu, awe amechukua Historia na Kiswahili, ambayo wengi huyachukua kwa mazoea, au Kiarabu na Jiografia. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, kimekuwa kikifundisha sheria za nchi pamoja na sharia ya Kiislamu katika shahada moja. Na kwa walio katika umri wa shule za sekondari, mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano zikafikia 65, zikiwemo zenye Elimu ya Dini ya Kiislamu ndani yake. Mlango ambao wazazi wetu walidhani umefungwa, sasa umeachwa wazi hata kabla ya chuo.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Masomo mawili yaliyo mbali ni mazito kuliko mawili ya jirani, kwa sababu msomaji hawezi kutumia daftari moja kwa mitihani miwili. Mwaka wa kwanza huwa mgumu. Mwanafunzi aliyefaulu kwa kusukumwa, au ambaye hata somo moja analiburura, hatumshauri. Wala si kila jozi ina maana. Anayechagua somo la pili kwa kuwa rafiki yake yuko darasa lile amejiongezea mzigo bila mpini. Tunapenda kijana awe na moja analolijua kama mwenyeji na jingine analoliingia kama mgeni mwenye adabu. Na sisi tunapendelea yawe mbali, si ya jirani, ingawa wenzetu wengine wanaofundisha vyuoni wanaona kinyume chake, na hoja zao tumezisikia.

Jambo moja linatusumbua zaidi katika mjadala huu, nalo ni ile desturi ya kusema "elimu ya dini" na "elimu ya dunia" kana kwamba ni kambi mbili zenye mpaka na walinzi. Waliomcheka mzee wetu walisema Kiarabu ni cha msikitini. Lakini ule mlango wa Minhaj uliowarudishia mabinti haki yao umeandikwa kwa Kiarabu, na haukueleweka mpaka ukasomwa na mtu aliyefundishwa Jiografia. Katika hali hiyo, elimu ipi ilikuwa ya dini? Aliyeamuru mafungu ya mirathi ndiye aliyeumba mteremko na mvua inayoukwangua.

Tuliyaeleza haya pale msikitini Mgwashi kwa ufupi kuliko tulivyoyaandika hapa. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Tulipofika kwenye ile nusu ya haki alitikisa kichwa, akauliza: "Na hao mabinti sasa?" Tukamwambia wanalima, mmoja ana kipande cha bondeni, mwenziwe alichagua eneo kubwa zaidi huko juu na amepanda miti na matuta ya ngazi.

Hapo ndipo kijana alipoinua uso kwa mara ya kwanza. Akamwambia baba yake kwa sauti ndogo kwamba hata shamba lao wenyewe lina sehemu tatu zisizofanana, na kwamba alishawahi kulichora kwenye daftari akiwa kidato cha nne. Mzee alimtazama muda mrefu. Hakutuambia ameamua nini kuhusu fomu. Alituuliza tu kama tungekuwa na nafasi ya kupita nyumbani kwake kabla ya magharibi, kwa kuwa alitaka tulitembelee shamba lake pamoja na huyo kijana, na daftari lile lichukuliwe.